Mavyaa anasema dawa za moyo zinammaliza mwanawe

SWALI

Assalaam alaykum Mama,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo, hapa hapa Mombasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai na bhajia. Mume wangu ana miaka 51, ni dereva wa trela. Hubeba makontena kutoka Kilindini hadi Malaba, na mara nyingine hupitiliza mpaka Kampala.

Miezi miwili nyuma alirudi safari usiku, akaoga, akala, akalala. Saa saba za usiku akaniamsha. Akasema kifua kimembana, na jasho linamtoka na hali panka limefunguliwa mpaka mwisho. Sote nyumbani tukasema ni gesi. Akanywa soda, akanywa maji ya tangawizi, akatapika. Mkono wa kushoto ukawa mzito, tukasema ni uchovu wa usukani. Nikamkanda mgongo, tukangoja kupambazuke. Alfajiri jirani akatupakia garini kutupeleka hospitali, na hapo ameshageuka rangi. Walipompima walisema ni mshtuko wa moyo, mshipa mmoja umeziba. Alilazwa, Mwenyezi Mungu akamnusuru, tukarudi nyumbani na dawa aina tano na tarehe ya kliniki.

Sasa vita viko nyumbani. Mavyaa wangu amehamia kwetu kumuuguza mwanawe. Simlaumu. Ni mwanawe wa kwanza, na mumewe naye aliondoka ghafla akiwa amekaa barazani, hakuugua hata siku moja, na wala hakuwa mzee. Lakini nikipunguza chumvi anasema namlisha mwanawe chakula cha jela. Wifi zangu nao kila jioni wanaingia na sahani: leo biriani, kesho pilau ya samli, keshokutwa kaimati na halua. Kumkataza mgonjwa mbele yao naona muhali, nitaitwa mchoyo.

Kisha mume wangu ameanza kukohoa, kikohozi kikavu, usiku zaidi. Mavyaa akasema dawa za hospitali zimemuingia kifuani, zinammaliza. Humchemshia mzizi wa urukususu na kitunguu thomu asubuhi na jioni, na humpa kombe, yale maji ya aya za Kurani, analoletewa na mwalimu. Mume wangu amemsikiza mamake. Ameacha dawa mbili, ile ya usiku ya mafuta na moja ya asubuhi. Anasema haumwi tena, kwa hivyo dawa za nini.

Na kuna jambo jengine naona haya kuliandika. Asema dawa zimemuondolea uanaume. Ameyasikia hayo kwa madereva wenzake.

Sigara amepunguza ila hajaacha. Miraa ameweka kando kwa sasa, lakini mwajiri wake ashaanza kupiga simu kuuliza atarudi lini barabarani, na pesa nazo zimetuishia.

Nifanye nini bila ya kuvunja nyumba? Nimchukulie vipi mavyaa? Na je, ni kweli kwamba dawa za moyo mtu akishaanza haziachi mpaka kufa?

Mke aliye njia panda, Majengo

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu,

Pole sana. Pole kwa usiku ule, na pole kwa miezi hii miwili ambayo umekuwa muuguzi, mpishi, mtafutaji na mshtakiwa, yote kwa pamoja.

Kabla ya mavyaa, kabla ya wifi na sahani zao, kuna jambo la kesho asubuhi. Mpeleke mumeo kliniki, usingoje tarehe iliyoandikwa. Beba dawa zote tano pamoja na pakiti zake, hata hizo alizoziacha, mumwambie daktari waziwazi kwamba mbili hazimezwi, na tangu lini. Zile tatu anazoendelea nazo asiache hata moja. Mtu ambaye mshipa wa moyo wake uliziba miezi miwili tu nyuma akikatiza dawa kiholela, mshipa huo unaweza kuziba tena, au mwingine, na safari hii moyo unaingia vitani ukiwa tayari na jeraha. Niliyaona hayo wodini nilipokuwa muuguzi, ndiyo maana nakuhimiza hivi.

Anauliza dawa za nini na haumwi. Mweleze hivi. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini nao una mishipa yake midogo ya kuulisha. Ndani ya kuta za mishipa hiyo mafuta hujikusanya polepole, mwaka baada ya mwaka, na sigara, presha, sukari na kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ndizo zinazoharakisha. Muda wote huo mwenyewe hana habari. Kisha siku moja utando uliofunika mafuta hayo unapasuka, damu inaganda juu ya ufa, mshipa unaziba, na sehemu ya msuli wa moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa. Hayo ndiyo yaliyotokea mkidhani ni gesi. Basi kutoumwa kwake leo si ushahidi wa kupona, kwa sababu hata mafuta yalipokuwa yakijikusanya miaka yote hiyo barabarani hakuumwa. Ile dawa ya usiku ndiyo inayoshusha kolesteroli na kuutuliza utando ule usipasuke kwa urahisi. Aspirini ndogo, ikiwa imo kwenye mfuko wenu, kazi yake ni kuzuia damu isigande pale palipo na ufa. Huwezi kuzihisi zikifanya kazi, lakini zinafanya.

Umeuliza kama haziachwi mpaka kufa. Nitakwambia kweli: nyingi ni za maisha. Mara nyingi hutolewa dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda pamoja na aspirini, na hiyo daktari huisimamisha baada ya muda, aghalabu kiasi cha mwaka. Dozi za nyingine hupanda na kushuka kadiri hali inavyokwenda. Ila wa kuzisimamisha ni daktari anayemjua, si baraza wala madereva wa Mlolongo. Kama kinachowabana ni bei, semeni hospitalini bila haya. Dawa nyingi za moyo huuzwa kwa jina la kampuni na pia kwa jina lake la asili, na hii ya pili hufanya kazi ile ile kwa bei nafuu zaidi. Hakikisheni pia nyote mmejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, muulize pale pale ni nini kinacholipiwa.

Sasa kikohozi. Hapa mavyaa wako ameona kitu cha kweli, na nataka umwambie kwa mdomo wako kwamba ameona kweli. Kuna kundi la dawa za presha na moyo ambazo majina yake huishia kwa “pril”, kama enalapril na lisinopril. Ni dawa nzuri sana, lakini baadhi ya watu wakizitumia hupata kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, cha kukereketa koo, na huweza kuanza siku au wiki kadhaa baada ya dawa. Tazama pakiti zenu. Ukiona jina linaishia hivyo, mwoneshe daktari. Atambadilishia ya kundi jingine, huenda zile zinazoishia kwa “sartan” kama losartan, na kikohozi kitakwisha chenyewe taratibu. Mapafu hayakuharibika.

Lakini si kila kikohozi ni cha dawa. Ukiona anakohoa zaidi akilala chali, anataka mito miwili au mitatu ndiyo apate usingizi, miguu inavimba, au pumzi zinamkatika kwa hatua chache, huenda moyo umeshindwa kusukuma na maji yanakusanyika mapafuni. Hapo hakuna cha kesho. Mpeleke saa hiyo hiyo.

Ninachokuomba ukiondoe jikoni leo ni urukususu. Mzizi huu bibi zetu wameutumia kwa kifua tangu zamani, na kooni unatuliza kweli, sikatai. Ila ukinywewa kila siku unaufanya mwili ushike chumvi na maji na upoteze madini ya potasiamu. Presha inapanda, na mapigo ya moyo yanaweza kwenda kombo. Tazama mlivyozunguka bila kujua: dawa ya presha huenda ndiyo imeleta kikohozi, kikohozi kikaletewa urukususu, na urukususu unapandisha presha. Thomu ya mchuzini haina neno. Thomu ya kunywa kwa glasi asubuhi na jioni juu ya dawa za kuzuia damu kuganda ni habari nyingine, maana nayo inaweza kuzidisha kutokwa na damu, kwa hiyo itajeni mbele ya daktari. Na mtu akiumwa kiuno au meno pale nyumbani, mumeo asimeze diklofenaki au ibuprofeni ya dukani kama peremende. Dawa hizo za maumivu hupandisha presha na hazimfai aliyepata mshtuko wa moyo.

Kombe sina neno nalo. Aya za Mwenyezi Mungu hazigombani na kidonge. Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuamrisha tujitibu, na mwalimu anayeleta hilo kombe ukimuuliza atakwambia vivyo hivyo. Muulize mavyaa wako akiwepo. Neno la mwalimu litafika mahali ambapo langu mimi halifiki.

Na mavyaa mwenyewe? Mwanangu, katika barua yako yote sentensi iliyonishika ni ile ya mumewe aliyeondoka ghafla barazani. Mama huyu alizika mume bila ya kuambiwa ni nini kilichomchukua. Sasa anamtazama mwanawe wa kwanza akipita njia ile ile, na mikono yake haijui la kufanya ila kupika na kuchemsha. Ukimnyang'anya sufuria hukumwachia kitu. Usimnyang'anye. Mpe kazi iliyo kubwa kuliko sufuria.

Kaa naye faraghani, baada ya Alasiri hivi, wifi wakiwa hawapo. Mwambie, “Mama, kikohozi ulichokiona ni kweli, na kesho tunakwenda kukisema. Nataka twende pamoja, usikie kwa masikio yako na uulize unachotaka.” Mtu mzima akishajibiwa kwa heshima na daktari, yeye ndiye atakayeisimamia chumvi humo ndani kuliko wewe. Umefanya vita peke yako kwa sababu yeye hakuwemo pale mlipoelezwa mambo hospitalini, na hili hutokea katika nyumba nyingi: mgonjwa na mke wanaelezwa, kisha wanarudi kwa watu kumi ambao hawakuelezwa.

Kisha mwambie na hili, ambalo naamini hakuna aliyemwambia. Mwanamume akipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wako hatarini kuliko watu wengine. Mumeo ana 51, na babake aliondoka ghafla kabla ya uzee. Hao wifi zako wanaoleta sahani, na shemeji zako popote walipo, wanahitaji wapimwe presha, sukari na kolesteroli mwezi huu. Wanao wanne wakue wakilijua jambo hili, na sigara isiwakaribie. Lakini kuwaambia mawifi “nendeni mkapimwe” hiyo si kazi ya mke wa kaka yao, watakuona umewatakia mabaya. Ni kazi ya mama yao. Yeye ndiye wa kuwapigia simu mmoja mmoja mpaka kila mtu aseme namba zake. Na aanze na zake mwenyewe.

Kupimwa presha hakuhitaji safari wala fedha nyingi. Zahanati na vituo vya afya vya serikali hupima, na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita mitaani, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, waliwekewa humo mashine ya presha. Kila Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, hutokea mahema ya kupima watu bure, nami huyafurahia, lakini ukoo wenu usingoje Septemba. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Watu husema “ningekuwa na presha ningeumwa kichwa.” Si kweli. Wengi hawahisi lolote mpaka siku ya kiharusi au ya moyo.

Mtakapopima, pimeni vizuri. Mtu aketi dakika tano kwanza, nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta, amekwenda haja ndogo, miguu yote miwili chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Kipimo kifungwe juu ya ngozi, si juu ya kanzu. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine zikawa hivyo tena, hiyo ni presha ya kutibiwa. Wewe nawe umo. Umeniandikia habari za kila mtu humo ndani ila presha yako hukuitaja, na hali umesimama mbele ya karai alfajiri na jioni huku umebeba dhiki ya nyumba nzima. Maradhi ya moyo yanawachukua wanawake vilevile. Mwanamke hubanwa kifua kama mwanamume, lakini mara nyingi zaidi huja na kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu usioelezeka, maumivu ya taya au ya mgongo, na yeye mwenyewe husema “nimechoka tu” akaendelea kukaanga.

Kuhusu chakula, kosa moja naliona: vyungu viwili. Ukimpikia mume peke yake kisicho na chumvi, na wengine wakala kitamu, hicho kweli kitaonekana chakula cha jela. Pika chungu kimoja. Damu ni moja, na watoto wana hatari ile ile ya baba. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate, achari, krisps na vile vidonge vya kutia ladha ya mchuzi. Fanya hivi: asubuhi pima chumvi ya nyumba nzima kwa siku, uitie kwenye kikombe, na kikombe kikimalizika hapachukuliwi nyingine. Punguza kidogo kidogo kila wiki, ulimi utazoea. Mkono wako wa mapishi ukausaidie ulimi kwa ndimu, ukwaju, thomu, tangawizi, dania na pilipili mbichi. Sisi watu wa Pwani tuna viungo vya kutosha kutoutegemea mkebe wa chumvi. Ila zile chumvi za badala zinazouzwa kwa wenye presha usinunue bila ya kuuliza, kwa kuwa nyingi zina potasiamu, na pamoja na baadhi ya dawa zake zinaweza kumdhuru.

Papa mkavu na ng'onda waage. Hata akilowekwa usiku kucha bado ni chumvi. Samaki mbichi ndiye rafiki yenu, jodari au dagaa, wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi. Nazi najua nikiigusa nitazozwa, lakini tui zito lina mafuta yale yale yanayopandisha kolesteroli, sawa na samli na mafuta ya kuganda ya mkebe. Sikwambii uitupe. Tumia tui jepesi, si kila siku, na siku nyingine piga mchuzi wa ukwaju au nyanya. Mbaazi zenyewe ni chakula bora cha moyo, tatizo ni tui zito tunalozimiminia. Sahani ya mumeo nusu yake iwe mboga, mchicha au mabenda, robo wali, robo samaki au kunde.

Sahani za wifi zipokee kwa shukrani, usizirudishe mlangoni. Mpakulie mumeo kijiko kimoja cha kuonja, kinachobaki kiliwe na wageni. Siku ya pili watume: mmoja alete mapapai na machungwa, mwingine matango na mboga, na mmoja aje amtembeze kaka yao. Watu wanaomzuru mgonjwa wanataka kufaa, hawajui tu kwa kitu gani.

Kutembea huko ni dawa ya sita. Daktari akimruhusu, aanze dakika kumi mahali tambarare, asubuhi na jioni, kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza bila kuhema. Majengo ni bahati, hapana vilima. Aende msikitini kwa miguu na arudi kwa miguu. Aongeze taratibu hadi nusu saa siku tano za wiki, ndizo zile dakika 150 wanazozitaja wataalamu. Jumamosi nendeni Mama Ngina upande wa bahari, jua likishapungua, na hiyo mihogo ya chumvi na pilipili mwipite.

Biashara yako usifunge. Mafuta ya karai usiyarudie mpaka yakawa meusi, na chumvi iwekwe pembeni mteja ajitilie mwenyewe.

Lile uliloliona haya halina haya, na umefanya vyema kuliandika. Mishipa inayopeleka damu kwenye uanaume ni myembamba kuliko ya moyo, na huziba kwa sababu zile zile: sigara, sukari, presha, kolesteroli. Kwa wanaume wengi shida hiyo hutangulia shida ya moyo kwa miaka. Muulize kwa upole, kweli ilianza na dawa, au ilikuwepo tangu safari za mwaka jana? Wapo ambao dawa fulani huchangia, na wapo ambao ni hofu tu baada ya kunusurika kifo. Daktari anaweza kubadilisha dawa au dozi, amwambie waziwazi, ni maswali wanayoyasikia kila siku. Asichokifanya kabisa ni kununua kwa siri vidonge vya nguvu. Vikikutana na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, au nyingine za jamii hiyo, presha huporomoka na mtu anaweza kufa pale kitandani.

Sigara asipunguze, aache. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Miraa na muguka vina kemikali inayochochea mwili kama vile dawa za kulevya za kuamsha macho: mapigo yanakimbia, presha inapanda, mishipa inabana. Madaktari wa Yemen, ambako miraa hutafunwa sana, walichapisha mwaka 2005 utafiti uliouhusisha utafunaji na mshtuko wa moyo. Kwa moyo wenye jeraha hakuna kiasi salama ninachoweza kumpa.

Kwa hiyo mwajiri angoje. Dereva wa trela harudi usukanini mpaka daktari aandike kwamba anaweza, kwa usalama wake na wa watu wa Mombasa Road. Ombeni barua hiyo kesho, na muulize kama kampuni ina kazi ya ofisini au ya yadi kwa muda. Najua nyumba inataka kula. Hapa ndipo shemeji na wifi waelekeze zile pesa za nyama ya biriani, na mavyaa akiwa upande wako atalisema hilo vizuri kuliko wewe.

Limebaki la usiku. Maumivu yakirudi, kifua kubana, jasho la baridi, kichefuchefu, uzito wa mkono au taya, msiseme gesi. Aketi ameegemea, asitembee, asipewe soda, asikandwe. Kama amepewa dawa ya chini ya ulimi aitumie kama alivyoelekezwa. Aspirini ya kutafuna, miligramu 300, husaidia ikiwa mtu haimdhuru, na kesho muulizeni daktari aandike kabisa kama ni sawa kwake. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za dharura kwa namba 1199. Ambulansi ikichelewa, gari la jirani liondoke, bila ya kungoja alfajiri, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafanya kazi zaidi katika saa za mwanzo. Lakini jueni mnakokwenda. Si kila kituo kina kipimo cha umeme wa moyo (ECG) usiku, wala dawa hiyo. Muulizeni daktari kesho ni hospitali gani ya karibu na Majengo inayo vyote viwili saa ishirini na nne, muandike jina lake na namba ya simu ukutani, pale ambapo hata watoto watapaona.